Redio Iliyokunywa Maji ya Ndiva

Kaeni vizuri. Anayetaka kwenda kuchungulia sufuria jikoni aende sasa, maana mimi nikishaanza sirudi nyuma kumwokota mtu. Fumbo hili nimewahi kuwatega nalo hakimu, mchungaji na mwalimu mkuu mstaafu, na wote watatu waliondoka wakibishana njiani hadi wakasahau kuniaga. Mimi shule niliiacha darasa la tano, au tuseme tuliachana kwa amani. Kwa hiyo asije mtu hapa na vyeti. Njoo na akili yako tu, ikiwa umekuja nayo.

Zamani, lakini si ile zamani ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi, ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, wakati basi la mlimani likipanda kwetu Upareni mara mbili kwa wiki, likikohoa na kuomba radhi kila kona. Kulikuwa na kijiji cha Ngulundo, na katika kijiji hicho kulikuwa na watu wanne waliojaliwa.

Mbonea alijaliwa mkono. Akichomeka kipande cha tangawizi ardhini, hata kile kilichonyauka ambacho mwingine angemtupia mbuzi, kilichipua na kutoa vidole vinene kama vya mpiga ngoma. Watu walisema Mbonea akisahau fimbo yake shambani atairudia imeota majani.

Nambua, mjane wa ng'ambo ya bonde, alijaliwa ng'ombe. Alikuwa naye mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe begani, lakini akimwita kutoka mlangoni ng'ombe yule aliacha majani mdomoni akaja. Na Nambua hakumpa mtu kitu chake kabla ya kumtazama mikono.

Mzee Kilave alijaliwa sikio. Angeweza kusimama kwenye mfereji, akafumba macho, akakuambia maji yanavuja wapi huko juu, na nani ameyachepusha, na kama huyo mtu alikula asubuhi.

Na Sangiwa alijaliwa ngumi. Si ya kupigana, la. Alizaliwa amefumba mkono, mkunga akadhani ameshika kitu. Akaufungua, hakuona kitu, na mtoto akaufumba tena. Mpaka anaoa alikuwa bado hajaufungua sawasawa. Ghala lake lilikuwa limejaa, na chini ya kitanda chake kulikuwa na debe ambalo hata mkewe alilijua kwa kusikia.

Sangiwa na Mbonea walikuwa marafiki wa tangu kuchunga mbuzi. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa, mgeni asiyejua kwetu lazima nimweleze ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, walilojenga babu zetu chini ya kijito. Usiku kucha maji hukusanyika humo. Alfajiri hupigwa pembe, kizibo hutolewa, na maji hushuka kwa mifereji mpaka mashamba ya ngazi, kila nyumba kwa zamu yake. Ah, pembe ile! Ilikuwa ikilia wakati ukungu bado umelalia migomba, na wanaume wanatoka na majembe mabegani, macho bado yana usingizi, na harufu ya tangawizi mbichi inapanda kutoka bondeni kana kwamba mlima mzima unachemshiwa chai. Siku hizi mabomba yamefika. Ni mazuri, siyasemi vibaya, lakini bomba halina pembe.

Na ndiva ilikuwa na sheria. Zamu yako waweza kumwachia jirani ukipenda. Lakini shamba likikaa kavu viangazi viwili mfululizo, wazee wa ndiva hulichukua wakampa mwenye nguvu. Hakuna kilio, hakuna rufani. Na Mpare kukubali jambo lisilo na rufani, ninyi wenyewe mnatujua, mtu atauza dume apate nauli ya kwenda kudai jogoo, basi elewa sheria hiyo ilikuwa nzito kiasi gani.

Shamba la Mbonea lilikuwa la baba yake. Kila jiwe la ngazi zile lilipandishwa kutoka korongoni kwa mgongo wa marehemu. Jiwe moja kubwa, la kwenye kona, bado lilikuwa na alama ya tindo lake. Mbonea alikuwa na desturi ya kuligusa kila akiingia shambani, kama mtu anayemwamkia mkubwa.

Basi balaa lilipoingia halikuingia na mapanga. Liliingia likiimba.

Bwana Hizza alikuwa na duka pale njia panda. Siku moja aliweka juu ya kaunta redio ya kaseti, kubwa, spika mbili kama macho ya bundi, na antena ndefu ya kuvutia fahari. Akaiwasha. Mbonea, aliyetumwa chumvi, akasahau chumvi.

"Bei gani hiyo, bwana Hizza?"

"Wewe ni mtu wangu, Mbonea. Kwani nimekudai fedha?" Hizza akapunguza sauti ya redio kidogo tu, ili mteja asikie kinachokosekana. "Mimi nina shamba la vitunguu pale chini, halina zamu. Niachie zamu yako kiangazi hiki kimoja. Redio ni yako leo hii. Maji si yatarudi? Maji huwa yanarudi siku zote."

Mbonea alipiga hesabu zake. Maji hayana bei, yanatoka kwa Mungu. Redio inatoka Japani. Hapo aliyepunjwa ni nani? Mbele ya mashahidi wawili akatoa neno lake, akapanda nyumbani na redio begani, muziki umeshafika kabla yake.

Mkewe, Nakiete, alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Tumsifu," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "chumvi iko wapi?"

"Sikiliza kwanza!"

"Nasikiliza. Huo wimbo tutauunga kwenye mboga?"

Lakini jamani, tusidanganyane, ilikuwa raha. Jioni watu walivuka bonde kuja kwa Mbonea. Watoto walikaa kwenye majani, wazee wakaletewa vigoda, na taarifa ya habari ilisikilizwa kama mahubiri. Likija dansi, hata mzee Kilave alitikisa goti moja, lile lisilouma. Mbonea alikaa katikati, kidole juu ya kitufe, na hakuna mtu Ngulundo aliyemwita Mbonea tu. Aliitwa "Bwana Redio". Mpaka leo wapo wanaosema hawajawahi kuwa na majirani kama jioni zile, na mimi siwabishii.

Sasa redio ina tumbo. Inakula betri, tena nne nne. Betri zikichoka Mbonea alizianika juani juu ya bati, akazigeuzageuza kama muhogo. Zilipata nguvu ya wimbo mmoja na nusu. Akaziuma kwa meno, zikapata nusu nyingine. Mwisho alishuka kwa Hizza.

"Chukua," Hizza akasema. "Nani kakuuliza fedha? Kila mlo wa redio, ongeza wiki moja ya maji. Si upo?"

Mbonea alikuwepo. Akachukua, akachukua tena. Deni la redio likazaa deni la betri, na deni la betri likazaa pacha. Kiangazi kile kikapita, tangawizi ikageuka kuni. Masika yakaja, Mbonea akapanda mbegu chache alizookoa, zikachipua vizuri kwa mvua. Kisha mvua ikafunga virago. Kiangazi cha pili kikaingia, pembe ikapigwa alfajiri, na Mbonea akatoka na jembe. Akayaona maji yake yakipita mlangoni mwa shamba lake bila kumwamkia, yakienda moja kwa moja kwenye vitunguu vya Hizza. Kiangazi hiki nacho kilikuwa kimeshaliwa.

Akaligusa jiwe la kona. Lilikuwa la moto.

Wazee wa ndiva walipita siku hiyo, wakatazama udongo uliopasuka, wakatazamana. Hawakumsemesha. Mmoja alisugua kisigino kwenye ukingo wa mfereji mkavu, akasema kwa mwenzake, "Kiangazi cha pili hiki." Basi, wakaendelea na safari yao. Mbonea hakula siku ile. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na yeye aliyaona matanga yakitandikwa shambani kwa baba yake.

Hapo ndipo watu wetu watatu wanapoingia. Fungueni masikio.

Wa kwanza ni Sangiwa. Mbonea alimwendea mchana kweupe, akavua kofia, kitu ambacho hakuwa amemfanyia tangu wazaliwe.

"Sangiwa, ndugu yangu. Hizza anakubali kunirudishia zamu nikimpa fedha taslimu. Fungua lile debe. Mavuno yakitoka nakurudishia, na juu yake nakutilia gunia."

Sangiwa alikuwa anapukuchua mahindi. Akapukuchua gunzi zima ndipo akajibu. "Unataka kiasi gani?"

Mbonea akataja. Na hapa nitawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisema mpaka uzeeni: katika kiasi alichotaja, kwenye kona ya moyo, alikuwa ameshatenga mlo mmoja wa redio. Mmoja tu, wa mwisho. Kulikuwa na mpira wa miguu Jumapili.

Sangiwa akamtazama kwa jicho la mtu aliyechunga naye mbuzi. "Sikupi."

"Unanitania."

"Nikikupa, utapita kaunta ya Hizza kabla hujafika kwenye mfereji wako. Sikupi, Mbonea. Si nusu, si robo."

"Shamba la baba linaondoka! Baba yangu alikulisha ukiwa mtoto, Sangiwa! Uji wake uko mifupani mwako!"

"Uko," Sangiwa akasema. "Ndiyo maana leo nakunyima. Na najua kesho wewe utaninyima salamu."

"Tangu leo, siyo kesho!" Mbonea akavaa kofia yake. "Ukifa nitapita na njia ya mbali nisisikie kilio."

Ngulundo nzima ikapata habari kabla ya ng'ombe kurudi zizini. Sangiwa akaimbwa kwenye pombe, akaimbwa kisimani. Mwanamke mmoja alimwekea mkono uliofumbwa, wa udongo, juu ya ukuta wake. Rafiki wa miaka yote alipita mbele yake kama anapita kisiki. Naye aliendelea kupukuchua.

Mbonea akafika nyumbani anatokwa na moshi. Akaiwasha redio apoze hasira. Betri zilikuwa zinakata roho. Mwimbaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi anayetafuta mlango, mmmaaapeeenziii, kisha akanyamaza katikati ya neno. Mbonea akakaa anaitazama. Akaiona kwa mara ya kwanza: sanduku. Sanduku lililokunywa ndiva nzima, na bado lina kiu.

"Nitamwonyesha yule mwenye ngumi," akasema. "Nitalima bila senti yake." Akaibeba redio, akashuka njia panda, akaiweka juu ya kaunta.

Hizza akaipapasa. "Imetumika, bwana. Antena imepinda. Hii inalipa betri zilizovuka hadi kiangazi kijacho, basi. Kiangazi hiki cha maji kinabaki changu, neno ni neno."

"Neno ni neno," Mbonea akasema. "Lakini kuanzia leo sikuongezei hata kikombe."

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya hadi masikio yakamwuma. Watu hawakuja jioni. Alikaa mlangoni akihesabu ni nani angekuwa amekaa wapi. Kisha kutoka jikoni akasikia sauti. Nakiete alikuwa anaimba, wimbo wa kutwangia wa mama yake, polepole, akikosea maneno na kurudia. Mbonea akakumbuka kwamba wimbo huo ndio uliomfanya amwoe. Ulikuwa umenyamaza tangu siku redio ilipoingia, na hakuwa ameona pengo.

Wa pili ni Nambua. Mbonea alivuka bonde akamkuta anakata majani, na yule ng'ombe mweusi anamfuata nyuma kama mtoto.

"Mama, sina maji, na udongo wangu umechoka. Nakuja kuomba uniwekee ng'ombe."

Kuweka ng'ombe ni mambo yetu ya tangu kale. Wa kwako namtunza mimi. Maziwa nanywa, samadi natia shambani, ndama akizaliwa ni wako, na siku ukimtaka ng'ombe wako unamchukua. Ni deni, ndiyo, lakini ni deni lenye miguu. Linatembea, linakula majani, linakunya mali.

Nambua akamtazama mikono. Akaigeuza, akaitazama na nyuma.

"Redio iko wapi?"

"Nimeirudisha."

"Ungekuja nayo begani nisingekupa hata mkia. Mtu mwenye redio mkononi anafunga kamba kwa mkono mmoja." Akampapasa ng'ombe wake shingoni. "Huyu ndiye wangu wa pekee, Mbonea. Chui akimchukua, au akianguka kwenye ngazi zako, mimi nabaki na kengele. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Na usimpigie mluzi. Hapendi. Mwite kama unaita mtu."

Wapo waliosema, maana Ngulundo hakuna jema lisilotafutiwa upande wa pili, kwamba Nambua naye majani yalikuwa yamemwishia na alihitaji mtunzaji. Huenda. Lakini usiku ule wa kwanza, wanasema, alitoka mara kwa mara akasimama mlangoni, akaita jina la ng'ombe wake kidogokidogo, ili asisikie mtu.

Wa tatu ni mzee Kilave. Shamba lake liko ngazi moja juu ya la Mbonea. Asubuhi alimwona Mbonea akibeba samadi kichwani, maji ya samadi yakimchuruzika mpaka kwenye nyusi, anaimwaga, anaigeuza, anarudi. Jioni, bado yuko kwenye njia ile ile.

"Mwanangu," Kilave akaita kutoka juu. "Samadi bila maji ni vumbi lenye harufu."

"Najua, mzee."

"Unajua na bado unabeba?"

"Nisipobeba nitakaa. Nikikaa nitaisikia ile redio kichwani."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta wa mawe. Kisha akafumba macho, akasikiliza mfereji. "Chukua zamu yangu," akasema. "Kiangazi chote hiki. Kiangazi kijacho utanirudishia yako. Maji kwa maji, kipimo kwa kipimo. Sitaki wiki ya nyongeza, sitaki pombe ya shukrani. Nakukopesha, sikupi. Ukipewa utalala."

"Na maharage yako, mzee? Yameshatoa maua."

"Yataniona nilivyo mjinga," Kilave akasema.

Na yalimwona. Yalikauka yote, maua yakadondoka kama nzi. Mkewe alimpikia mboga ya majani kwa muda mrefu na kila akiweka bakuli alisema, "Karibu maharage." Wapo walionong'ona kwamba mzee na Hizza walikuwa na ugomvi wa ukingo wa mfereji, na kwamba mzee angempa maji hata shetani ili Hizza asione shamba lile likimdondokea mikononi. Huenda pia. Lakini bakuli alilila yeye.

Sasa mkono wa Mbonea ulipokutana na samadi na maji, acha nisimulie mimi nisiyejua kutia chumvi! Tangawizi ile ilitoka ardhini kwa hasira. Majani yalisimama hadi kifuani. Wazee wa ndiva walipita, wakatazama udongo uliolowa, mmoja akachutama akauchukua, akaunusa, akajifuta mikono kwenye suruali yake. Hawakumsemesha tena, lakini safari hii mmoja wao aligusa jiwe la kona akipita. Mbonea akalia. Alisema ni moshi, ingawa hapakuwa na moto.

Wakati wa kuvuna kipande kimoja cha tangawizi kilijaza mikono miwili. Wachuuzi walipanda na basi wakagombania magunia. Mbonea akalipa. Ng'ombe alirudi kwa Nambua amenenepa, na ndama nyuma yake. Kiangazi kilichofuata, zamu ya Mbonea ilikwenda kwa mzee Kilave tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kipimo kwa kipimo, naye maharage yakamstahi. Hizza hakudai kitu tena. Muda wake wa maji ulikuwa umekwisha.

Na kwa kilichobaki Mbonea alinunua mtamba mmoja, mwekundu, macho kama ya bibi harusi. Huyo alikuwa mtamba wa shukrani. Kwetu, mtu akikutoa kamba ya deni shingoni, unamkabidhi kamba ya mtamba mkononi. Hutoi mara mbili kwa jambo moja. Huuzi ukagawa, wala huchinji ukagawa. Shukrani iliyokatwa vipande ni kitoweo tu.

Akaingia naye siku ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hukutana kutoa matope kwenye ndiva kabla ya mvua. Watu walikuwa na matope mpaka magotini. Mbonea akasimama juu ya ukingo.

"Jamani, nimekuja kulipa asante."

Kila mtu akaacha jembe. Hizza akawa wa kwanza kuufungua mdomo, na yeye alikuja kuuza maandazi tu. "Basi leteni kamba huku! Bila deni langu huyu angezinduka wapi?"

"Na mbu naye tumpe mtamba, kwa kuwa alituamsha!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikarudi kutoka ng'ambo ya bonde.

Upande wa wanawake wakasema ni wa Nambua. Nani mwingine aliyetoa alichonacho chote? Maji hujaa tena kesho, lakini ng'ombe wa pekee akifa, amekufa. Na samadi ndiyo iliyofufua ardhi. Nambua mwenyewe akasema, "Mimi nililipwa. Nilirudishiwa ng'ombe na ndama." Lakini macho yake yalikuwa kwenye mtamba mwekundu, na hakuna aliyemlaumu.

Wazee wakasema ni wa Kilave. Nambua hakupoteza kitu mwishoni, Kilave alipoteza mavuno kwa macho yake. Na wazee wa ndiva hawakuja kupima samadi, walikuja kupima unyevu. Bila maji shamba lingekwenda, na samadi yake. "Maji nilirudishiwa," Kilave akasema. "Maharage sikurudishiwa. Lakini sikuyakopesha hayo, yalijiendea."

Kelele zikapanda, kila upande na jembe lake juu. Ndipo Nakiete aliposimama katikati ya matope, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mmemaliza? Yupo mmoja hamjamtaja."

Watu wakafuata macho yake. Sangiwa alikuwa mwisho kabisa wa bwawa, peke yake, anachota matope.

"Huyo?" mtu akasema. "Huyo alitoa nini?"

"Hakutoa kitu," Nakiete akasema. "Angetoa, redio ingekuwa ndani mwangu mpaka leo, na shamba lingekuwa la mwingine. Nambua asingetoa ng'ombe, kasema mwenyewe, hata mkia. Na Kilave angemwona nani anabeba samadi? Hao wawili walikopesha, wakalipwa. Deni la kunyimwa hulipwa lini?"

Mbonea akashuka kwenye ukingo, mtamba anamfuata, akazunguka bwawa lote mpaka kwa mtu ambaye hakuwa amemwamkia tangu siku ya mahindi.

"Sangiwa."

"Naam."

"Niambie kweli. Siku ile uliponinyima, ulininyima kwa sababu unanipenda, au kwa sababu unalipenda debe lako?"

Sangiwa akachomeka jembe kwenye matope.

"Mbonea," akasema, "hata mimi sijui. Nimejiuliza tangu siku ile. Nadhani vyote viwili vilikuwepo, na sikuviuliza kipi kinatangulia. Ninachojua ni kwamba usiku huo sikulala, na sijalala vizuri mpaka leo."

Mbonea akacheka, akajikuta analia, safari hii bila kusingizia moshi. Walisimama vile, wazee wawili wa leo waliokuwa vijana wa matope, na katikati yao mtamba mwekundu aliyekuwa ameanza kutafuna ukingo wa kofia ya Sangiwa.

"Amemchagua!" upande mmoja ukapiga kelele.

"Ana njaa tu!" ukajibu mwingine.

Nambua akaita kutoka ng'ambo, kwa ile sauti yake ya kuita mtu, na mtamba akainua kichwa. Mzee Kilave akafumba macho, akasikiliza kijito huko juu, akasema maji yameanza kushuka, amueni, bwawa litajaa mkiwa ndani.

Mbonea alishika kamba. Akamtazama mwenye ng'ombe, akamtazama mwenye maji, akamtazama mwenye ngumi. Na kwa mara ya kwanza Ngulundo nzima ilimwona Sangiwa amefungua mkono, ingawa hakuna aliyejua kama aliufungua kupokea au kukataa.

Alichoamua Mbonea ninakijua, na sikisemi, hata mkinichemshia chai yenye tangawizi. Kamba nimeileta hapa, ninaishika mimi. Wewe uliyenyamaza muda wote, na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa: aliyekukopesha akihatarisha chake cha pekee, aliyekukopesha akakausha cha kwake, na aliyekunyima akapoteza rafiki. Maji yanashuka. Ungemkabidhi nani?